Makala za Kununua: Zinamfaa Mwenye Nyumba ya Wageni Lamu?

Wenye nyumba za wageni Lamu na Shela wanauziwa huduma moja siku hizi: makala nne kila mwezi kwa blogu ya biashara, malipo kwa neno, na ahadi kwamba Google italeta wageni. Wako wanaokubali, na wako wanaocheka. Kila upande una hoja. Kilichokosewa, naona, ni mkataba.

Wanaokubali wanajua kwamba mgeni hutafuta kwenye simu kabla hajakata tiketi ya ndege. Asipokuona, atapitia kampuni ya kuuza vyumba mtandaoni, nayo ikate kamisheni kwa kila usiku atakaolala kwako. Makala moja inayojibu swali lake, mathalani atavukaje kutoka uwanja wa ndege wa Manda au avae nini akipita mjini, inaweza kukuletea watu kwa miaka ilhali uliilipia mara moja. Tena kuandika ni kazi. Mtu anayesimamia kiamshakinywa asubuhi na kuhangaika na pampu ya maji jioni hana saa ya kukaa akapanga aya.

Wanaocheka nao wamesoma walichouziwa. Chukua magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mwandishi asiyewahi kufika atamwambia mgeni aende saa yoyote apendayo. Nahodha yeyote wa Lamu anajua mkondo ule wa mikokoni unataka maji yajae. Ukizubaa yakapwa, chombo kinakaa topeni na mgeni anaiangalia saa yake. Mwandishi huyo hakukusudia kudanganya. Alisoma makala za wenzake, nao walisoma za wengine, ndiyo maana zote zinaanza na punda, milango ya nakshi na mji kuingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Yote kweli, na yote mgeni ameshayasoma kwingine.

Maandishi ya aina hiyo yameshuka thamani tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, kwa kuwa mwenye nyumba anaweza kuyapata mwenyewe bila kumlipa mtu. Kisha Machi 2024 Google ikaweka kanuni dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili zipande tu kwenye matokeo, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Hizo makala nne za kila mwezi zisizo na jipya zinaelekea huko huko.

Kwa hiyo nisingelipa kwa neno. Anayelipwa kwa neno hurefusha, utamlaumuje? Ningelipia makala tano au sita kwa mwaka, kila moja itokane na mazungumzo: nahodha aeleze bamvua na maji mafu (siku bahari inapojaa na kupwa sana, na siku inapofanya hivyo kidogo tu), mpishi aeleze samaki wa msimu, fundi wa Matondoni aeleze jahazi linavyoundwa. Mwandishi apige simu, arekodi, na mwenye nyumba asome kabla haijatoka. Bei ya makala moja itapanda, na hapo ndipo wengi hukunja uso. Wanataka mtaalamu kwa posho ya mwanafunzi. Nahodha naye alipwe kitu, maana maarifa ni yake.

Hakimiliki isiachwe hewani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 huichukulia kazi iliyoagizwa kuwa ya aliyeiagiza, ila mkikubaliana vingine; afadhali iandikwe.

Fundi cherehani wa mtaa wa Langoni, hapo Lamu, ambaye wateja wake ni majirani hahitaji lolote kati ya haya. Picha za magauni kwenye WhatsApp zinamtosha.

Mwenye nyumba ya wageni akiamua kuajiri, aanze Mei. Masika inanyesha, vyumba vingi vi tupu, na nahodha ana nafasi ya kuzungumza. Makala ikitoka wakati huo inapata miezi ya kuonekana kabla watu hawajaanza kupanga safari za Desemba.