Kete Mbili Zimepungua

"Mzuka, wazee!" Ndiyo salamu hiyo. Kijana wa bodaboda kaitupa barazani, kaondoka na vumbi lake. Mzee mmoja akageuka kutazama nyuma. Yakhe, kisiwa hiki cha Unguja mzuka ni kile kinachokutokea usiku chini ya mbuyu, husomewa Kursiyyu, hakiitwi mchana kweupe! Kumbe siku hizi mzuka ni raha. Na ukijibu "marahaba", wewe ndiye wa ajabu.

Poa tumeizoea, ingawa iliyokuwa ikipoa ni chai. Shwari haina neno, ni ya baharini kwetu wenyewe. Lakini mchizi? Mtu amwite sahibu yake mwendawazimu, naye acheke!

Pesa nazo zina majina kama majini. Jero 500, buku 1,000, msimbazi 10,000, yote yamepanda boti kutoka Dar. Mgeni wa Nairobi akisema ana soo usimpe pole, kwao soo ni shilingi 100. Soo ya Dar ndiyo balaa lenyewe.

Sasa hili la kete. Daladala ya 502 ya Bububu, imejaa mpaka mlangoni, mzee na kanzu yake na kofia ya viua kashika simu, na sauti ile ya wazee wanaodhani Bububu haisikii mpaka upige kelele.

"Kete zangu zimepungua mbili!"

Gari kimya.

"Zilikuwa 64, nimezihesabu mwenyewe! Mimi 32, mwenzangu 32!"

Mama wa pembeni akavuta mkoba wake.

"Kumi nimeshaziweka, 22 ninazo mkononi."

Konda akautazama mkono.

"Nyumba ilikuwa na sita tu, kaja yule mtoto kaila yote! Na mtaji bado hatujafika!"

"Astaghfirullahi," akasema mtu nyuma, "na mvi zote hizo."

Masikini, mzee anasimulia bao! Ndivyo linavyoanza: kila mtu kete sita kwenye nyumba, lile shimo lake kuu, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja kila zamu. Zikisha ndipo mnaingia mtaji, hatua ya pili ya mchezo. Lakini kwa mateja kete ni kipakiti cha unga, na huo unga si wa maandazi. Mtoto akitumwa dukani siku hizi inabidi aseme wa ngano, tena aseme mbele ya watu.

Konda akagonga bati. "Mzee, shuka. Hatutaki soo humu."

"Nauli nimeshatoa! Soo ya nini tena?"

Mtu akachanganyikiwa na lugha yake mwenyewe, kwenye gari la kwao!

Jina moja tu limekaa mahali pake: papasi. Mdudu wa kwenye nyufa za nyumba za udongo, hutoka usiku akanyonya damu, asubuhi humuoni. Wale wanaowaganda watalii Mji Mkongwe hawakuonewa. Tena ndio hao wenye "hakuna matata", neno ambalo mtu wa hapa hamwambii hata paka. Sisi tunasema hamna tabu, na tabu tunazo.

Na kete za mzee bado mbili. Komwe zenyewe, zile mbegu za kuchezea bao, adimu, watu wanachezea vijiwe. Mwenye za ziada amletee barazani, ila azifunge kwenye karatasi zisi... la, asizifunge. Azishike mkononi, watu wazione.