Mti bure, gunia ghali

Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa amri namba 3 ya mwaka huo, akapiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini na sehemu za mashariki mwa Uganda: Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile. Tangu hapo malori yamekamatwa, mengine yamepenya usiku, na Kampala bado inapikia mkaa. Wanaoitetea amri wanasema bila hiyo mishea, miti ya savana ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta, ingekwisha. Wanaoipinga wanauliza mtu atapikia nini. Wote wana hoja, ila wanabishania lori, wakati hasara kubwa hutokea porini kabla gunia halijashonwa.

Tuanzie kwenye tanuri la udongo. Mchoma mkaa hukata magogo, huyapanga yakibanana, huyafunika kwa majani mabichi kisha udongo, na kuacha mdomo wa kuwashia na vitundu vya kupumulia. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito kwa sababu ni mvuke wa maji. Ukishakuwa mwembamba wenye rangi ya samawati, mkaa umeiva. Kazi hii ni ya siku nyingi na haina usingizi: udongo ukipata ufa usiku, hewa huingia na kesho yake anakuta majivu. Tanuri likifunguliwa kabla halijapoa, mkaa huwaka upya. Kosa linalogharimu zaidi, hata hivyo, ni kuni mbichi. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo sehemu ya magogo huungua kwa kazi ya kukausha mengine tu.

Kwa kawaida tanuri la aina hii hutoa kilo 10 hadi 15 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Kilo moja ya kuni zilizoanikwa ina nishati ya megajuli 15 hivi, na ya mkaa 30 hivi. Tukichukua kilo 12 za mkaa, tumeingiza megajuli 1,500 na kutoa 360. Robo tatu na ushei zimekwenda na moshi. Na moshi huo si kaboni dioksidi peke yake, ambayo mti mwingine ukiota utairudisha. Una methani pia, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha anga joto karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kwa hiyo kauli kwamba nishati ya miti haiongezi chochote angani kwa kuwa miti huota tena, kwa mkaa wa tanuri la udongo si kweli, hata kama kila kisiki kingechipua.

Mbona basi watu wachome mkaa badala ya kuuza kuni? Kutoka Gulu hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 300, na lori la mkaa hubeba nishati maradufu ya lori la kuni lenye uzito sawa. Faida ya safari huingia kwa mwenye lori. Hasara ya tanuri hulipwa na msitu.

Dawa ya kiufundi ipo, na si ngeni. Tanuri la Casamance lina dohani, aghalabu la mapipa ya mafuta yaliyochomelewa pamoja, linalovuta moshi wa moto upite tena katikati ya kuni kabla ya kutoka. Likitumika vizuri, kwa kuni zilizokaushwa wiki tatu au nne, hutoa kilo 25 kwa 100 au zaidi. Gunia la kilo 60 lililokuwa likila kilo 500 za kuni sasa hula 240. Mafunzo yametolewa mara nyingi, lakini dohani hubaki likishika kutu. Wengi husema wachoma mkaa ni wabishi. Sivyo. Mchoma mkaa huhama kila miti inapokwisha, dohani ni zito, na wiki nne za kukausha ni wiki nne bila pesa. Mti wenyewe ameupata bure au karibu na bure. Kuokoa kitu cha bure kwa jasho la ziada si akili ya biashara.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika bei ya gunia kuna vibarua, magunia, ushuru, mafuta ya lori na faida ya wauzaji. Bei ya mti uliosimama haimo. Kaskazini hali hii ilizidishwa na historia: wakati wa vita na waasi wa LRA watu wengi walikaa kambini, na porini miti ikastawi bila shoka. Amani iliporudi baada ya 2006, wenye ardhi walikuta hazina ambayo hawakuwa na namna nyingine ya haraka ya kuigeuza ada za shule. Wakauza miti ya eka nzima kwa malipo ya mara moja.

Mkulima wa mikaratusi anashindana na bei hiyo. Apande mita 3 kwa 3, yaani miche 1,111 kwa hektari, apalilie, azuie moto. Tuseme shamba lake linaongeza mita za ujazo 20 kwa mwaka: baada ya miaka saba ana 140, sawa na tani 70 za kuni kavu. Kwa tanuri la udongo ni magunia 140. Kwa Casamance, karibu 290. Isitoshe, mkaa wa mkaratusi ni mwepesi, huisha upesi jikoni, na mnunuzi wa Kampala anayepimiwa kwa kopo anaujua mara moja. Haishangazi kwamba wenye mashamba huuza nguzo na mbao kwanza. Mikaratusi nayo ina deni lake: hunywa maji mengi, ndiyo maana kuipanda bondeni ni kosa, na mavuno yakichukua hadi majani na magome, rutuba huondoka nayo. Gome libanduliwe shambani, matawi yabaki palepale.

Upande wa pili unastahili kusikilizwa. Kukata mti si lazima kuwe kuua msitu. Miti mingi ya savana huchipua ikikatwa chini, kwa mkato safi ulioinama ili maji yasituame, mradi kisiki kikingwe dhidi ya moto na mbuzi. Kinachofuta msitu moja kwa moja ni jembe linalofuata, na mara nyingi mkaa ni zao la kando la kusafisha shamba. Lakini hoja hii haigusi mshea, ambao Waacholi huuita yaa, wala mti mwingine wa mbao ngumu waitao beyo. Mshea huchukua miaka 15 hadi 20 kuanza kuzaa. Anayeukata anauza mara moja mafuta ambayo akina mama wangeyakamua kwa vizazi. Kwa miti hiyo marufuku ni sahihi, bila msamaha.

Kwa mingine, naona marufuku inaharibu zaidi. Tanuri la kificho huwa dogo na la haraka, la kuni mbichi, kwa hiyo hula miti mingi zaidi kwa kila gunia. Hongo za njiani huongezwa kwenye bei, na hakuna shilingi yake inayopanda mche. Umeme wa bwawa la Karuma kwenye Mto Nile, megawati 600, utapunguza mkaa kwa wenye mita na jiko la umeme, si kwa mpangaji anayenunua mkaa wa siku moja kila jioni.

Ningetoza ada kwenye kisiki, porini, kwa ujazo wa kuni zilizopangwa na si kwa gunia: hapo ndipo mwenye dohani hulipa nusu ya mwenzake kwa mkaa uleule. Ugumu ni mpimaji. Leo ushuru hukusanywa barabarani kwa sababu kizuizi ni rahisi kusimamia kuliko pori, na afisa misitu wa wilaya mara nyingi hana mafuta ya pikipiki. Sehemu ya ada hiyo isipobaki kwake na kwa mwenye ardhi, itaishia kuwa risiti nyingine ya kuonyeshwa kizuizini.