Kabla ya kuuliza kilomita, uliza pa kuchomeka
Mwandishi wa makala niliyosoma anasema haibridi ya kuchomeka umeme (gari lenye injini ya petroli na betri unayoichaji kwenye soketi) inamfaa yeyote asiyezidi kilomita 40 kwa siku. Yeyote? Nina gari la aina hiyo, Mitsubishi Outlander PHEV ya 2014, betri yake kWh 12. Asubuhi, hapa Dar, Tegeta hadi Posta naenda kwa umeme mtupu; jioni, foleni na AC inavuma, injini inawaka nikiwa Mwenge. Usiku naichomeka kwenye soketi ya kawaida, masaa matano hivi imejaa. Ila nina geti na mita yangu ya LUKU. Nilipokuwa nimepanga, mita moja wapangaji wanne, hata pasi ilileta ugomvi! Huna pa kuchaji, unabeba betri nzito bure, bora haibridi ya kawaida, isiyochomekwa. Mnaoishi ghorofani mnachajia wapi?