Kosa likiwa kamusi: linasafiri vizuri, lakini hunyamaza

Kwenye programu ya kawaida, kosa ni kitu cha kurekebisha, kazi ikaendelea. Kwenye maktaba ya tathmini, yaani msimbo uliotayarishwa tayari kutumika, ule unaoupa mfumo wa akili mnemba mamia ya maswali na kupima majibu yake, kosa ni sehemu ya matokeo. Seva ikikata mawasiliano katikati, kazi haipaswi kusimama. Kosa liandikwe, lihesabiwe, na kesho mtu aweze kurudia swali hilo peke yake. Ndiyo maana maktaba kama hizi hupenda kuligeuza kosa kuwa kamusi: funguo na thamani zake, yaani aina, ujumbe, mahali lilipotokea.

Sababu ni nzito. Katika lugha ya programu ya Python, kosa linaporushwa hubeba nyayo zake (traceback), yaani mlolongo wa hatua zilizolifikisha hapo, na nyayo hizo hushikilia vigeu vyote vilivyokuwa vikitumika wakati ule. Ukiliweka kosa kando ulichunguze baadaye, vigeu vile navyo vinaendelea kula kumbukumbu ya kompyuta. Tena nyayo haziandikiki kwenye JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data. Kamusi ya maneno na namba haina mzigo huo: mstari mmoja kwenye faili, na lugha yoyote itausoma. Wavuti nayo ilikwenda njia hiyohiyo. Hati ya viwango vya intaneti, RFC 7807 ya 2016, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na RFC 9457 mwaka 2023, inaeleza kosa kwa JSON yenye funguo tano: `type`, `title`, `status`, `detail` na `instance`.

Mpaka hapo naunga mkono bila kusita. Wasiwasi wangu unaanza kamusi inaporuhusiwa kutembea ndani ya programu yenyewe.

Niliwahi kuandika `tokeo.get("eror")`, herufi moja ikiwa imepungua. Python haikulalamika; ilirudisha `None`, kana kwamba hakuna kosa lolote. Ripoti ikatoka na makosa sifuri, huku alama zikiwa chini mno. Maswali yaliyokwama kwa sababu ya mtandao yalikuwa yamehesabiwa kuwa majibu mabaya. Nilipoteza siku nzima nikiutafuta udhaifu kwenye mfumo usiokuwa na hatia. Klasi, yaani muundo wa data wenye sehemu zinazojulikana kwa majina, ingepiga kelele palepale.

Pydantic, maktaba ya kuhakiki data, inaonyesha upande mwingine wa tatizo. Makosa yake huyatoa kama orodha ya kamusi. Katika toleo la 1, sehemu iliyokosekana ilitambulishwa kwa `value_error.missing`; toleo la 2 lilipotoka mwaka 2023, ikawa `missing` tu. Aliyekuwa akilinganisha maneno yale alibaki na sharti ambalo halitimii tena, wala hakuna kilichomwambia. Isitoshe, ndani ya ufunguo `ctx` huweza kukaa kosa halisi la `ValueError`, na ukijaribu kuiandika kamusi hiyo kwenye JSON vivi hivi, inakataa. Kumbe jina la kamusi peke yake halihakikishi kwamba kitu kinaandikika. Na ufunguo `input` hubeba alichoandika mtumiaji. Kama ni nywila, imeingia kwenye kumbukumbu za matukio (logi) za seva. Kuna `include_input=False` ya kuzuia hilo, ila sharti uikumbuke.

Watetezi wa kamusi watasema `TypedDict`, kamusi iliyotajiwa funguo na aina za thamani zake, ipo tangu Python 3.8. Ni kweli, lakini inamlinda tu anayeendesha kikagua-aina, chombo kinachokagua msimbo kabla haujaendeshwa. Programu ikishaanza kufanya kazi, haizuii chochote. Hoja yao iliyo nzito kwangu ni nyingine: matokeo ya tathmini hutunzwa ili yalinganishwe baada ya mwaka au miwili. Klasi ngumu inaweza kushindwa kusoma faili la zamani, ilhali kamusi hulipokea lilivyo.

Inspect, maktaba ya tathmini iliyotoka kwenye taasisi ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia usalama wa akili mnemba, imepita katikati. Kosa lake ni klasi, `EvalError`, lakini ndani yake ujumbe na nyayo vimeshageuzwa kuwa maandishi matupu, hivyo inaingia kwenye JSON bila tabu. Mimi ningefuata njia hiyo, kisha niongeze sehemu mbili. Ya kwanza ni kamusi ndogo iliyo wazi, kwa anayehitaji kuongeza taarifa zake. Ya pili ni ya lazima, isiyokubali kuachwa tupu: kosa hili ni la mfumo unaopimwa, au ni la mtandao na mitambo yetu?