Kinga ya Mvutaji Haijapungua, Imevurugika

Husemwa mara kwa mara kwamba sigara hushusha kinga ya mwili, na kwa kauli hiyo wauzaji wa mitishamba wamejipatia soko miongoni mwa watu wenye kikohozi kisichokoma, wakiwaahidi kuipandisha kinga na kuyasafisha mapafu. Naona kauli hiyo inapotosha. Katika mapafu ya mvutaji aliyekwisha kupata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, seli za kinga si chache. Zimejaa kupita kiasi, na kujaa huko ni sehemu kubwa ya maradhi yenyewe.

Chukua makrofaji, seli zinazokaa kwenye vifuko vya hewa ili kumeza vumbi, vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Moshi wa sigara, wenye kemikali zaidi ya 7,000, huzifanya ziongezeke mara kadhaa, lakini uwezo wake wa kumeza hupungua, hivyo bakteria husalia katika njia za hewa na mgonjwa huzidiwa tena na tena. Wakati huohuo makrofaji hizo hutoa kemikali zinazoziita nyutrofili, aina ya seli nyeupe za kinga, kutoka kwenye damu, nazo huja na elastasi, kimeng'enya kinachokata nyuzi zinazoliwezesha pafu kutanuka na kunywea. Mwili una protini ya kukidhibiti kimeng'enya hicho, alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963 watafiti Laurell na Eriksson wa Sweden walieleza hali ya watu waliozaliwa na upungufu wake, ambao baadhi yao mapafu yalikuwa yameharibika. Hata mvutaji aliyezaliwa na protini hiyo kamili hayuko salama, maana moshi huweza kuiunguza kikemia na kuidhoofisha.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka Marekani mwaka 1997: panya waliokosa kimeng'enya kimoja tu cha makrofaji, MMP-12, walivutishwa moshi kwa miezi bila kupata emfisema, yaani kubomoka kwa vifuko vya hewa, ilhali wenzao wa kawaida waliipata. Kwa panya hao moshi peke yake haukutosha kulibomoa pafu. Ulihitaji msaada wa seli za mwili wenyewe.

Sasa anayeahidi kuipandisha kinga hiyo anataka ifanye nini zaidi? Hata dawa za steroidi za kutuliza uvimbe wa njia za hewa, zinazowasaidia sana wenye pumu, hufanya kazi kwa unyonge hapa, kwa kuwa moshi hupunguza HDAC2, kimeng'enya kinachohitajika kuzima jeni zinazochochea uvimbe huo. (Moshi wa kuni na mkaa nao huleta ugonjwa huu, na wapishi wetu wengi hawajawahi kugusa sigara, lakini hilo linastahili makala yake.)

Kuacha sigara hakurudishi vifuko vilivyokwisha kubomoka, na kwa mgonjwa uvimbe huweza kuendelea kwa miaka. Hata hivyo, watafiti Fletcher na Peto, waliowafuatilia wafanyakazi wanaume wa London kwa miaka 8, walionyesha mwaka 1977 kwamba anayeacha hupunguza kasi ya kupoteza pumzi hadi kukaribia ile ya asiyevuta. Hakuna chupa ya mitishamba iliyoonyesha hivyo. Mwenye kikohozi cha muda mrefu na fedha kidogo mkononi afadhali azitumie kupimwa kwa spirometa, kifaa cha kupima nguvu ya pumzi, na akikutwa na ugonjwa, apate chanjo ya homa ya mafua na ile ya bakteria wa nimonia.