Mvuke wa usiku unaenda bure, nasi tunalipa bei ile ile

Kisima cha mvuke wa ardhini, ule unaozalisha stima, hukifungi na kukifungua kama mfereji wa jikoni. Ukikisumbua kila siku unakiharibu, na kuchimba kingine ni pesa nyingi mno. Ndiyo maana kule Olkaria, karibu na Naivasha, mahitaji ya stima yakishuka usiku wa manane, sehemu ya mvuke huachiliwa hewani bila kuzungusha turbini yoyote. Si siri, wenye mitambo wamelisema hadharani kwa miaka. Kinachonishangaza ni jinsi tulivyolizoea.

Maana saa chache kabla ya hapo tunakuwa tunahangaika. Kuanzia saa moja jioni Nairobi yote inarudi nyumbani: taa, televisheni, pasi ya nguo za kesho, shawa ya maji moto. Mapema 2025 mahitaji ya nchi saa hizo yalivuka megawati 2,300. Jua limeshazama, kwa hivyo sola ya Garissa, megawati 50, haina la kutoa. Yanafunguliwa maji ya mabwawa ya Mto Tana, na ikibidi inawashwa mitambo ya mafuta ya Mombasa na Thika. Gharama yake unaijua hata kama hujui unaijua: ni ile tozo ya mafuta inayopanda na kushuka kila mwezi kwenye bili yako.

Tunajisifu, na tuna haki, kwamba takriban asilimia 90 ya stima inayozalishwa nchini inatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Nchi nyingi tajiri zinatuonea wivu. Lakini kawi safi isiyofika kwa saa yake haimsaidii mtu. Tazama mitambo ya upepo ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Turbini 365 zenye megawati 310 ziko pale kwa sababu upepo wa Turkana ni wa ajabu, na una tabia ya kuvuma kwa nguvu usiku na alfajiri, wakati sisi tumezima kila kitu. Basi mitambo inaambiwa ipunguze. Na mkataba ni wa kulipia hata kile ambacho gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, imekataa kupokea. (Mitambo hiyo hiyo iliwahi kusimama tayari ikisubiri nyaya za kuleta stima yake kwenye kituo cha gridi cha Suswa hadi Septemba 2018, na hapo pia tukalipa. Upepo wa bure umetugharimu sana, kwa kweli.)

Wakubwa wakizungumzia gridi erevu, yaani gridi inayojipima na kujirekebisha yenyewe, picha wanayotuchorea ni ya chumba cha udhibiti kilichojaa skrini. Sipingi chumba hicho. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilizimika, uwanja wa ndege wa JKIA ukabaki gizani, kisha ukaanza mvutano: kampuni ya kusambaza stima, Kenya Power, ikasema mitambo ya upepo ya Turkana ilitoka kwenye gridi, wenye mitambo wakasema ilijizima kwa sababu volti za gridi zilizidi. Yeyote aliyekuwa na haki, fizikia ni ile ile. Gridi yetu inapaswa kukaa kwenye hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Chanzo kikubwa kikitoka ghafla kasi hiyo inashuka, na mitambo mingine inaanza kujiondoa ili isiungue. Betri kubwa zinazojibu kabla hujapepesa jicho zingesaidia. Zije, tena upesi.

Lakini mimi naona gridi yetu imepungukiwa akili mahali pengine kabisa: kwenye mita ya nyumbani kwako.

Unakumbuka kilichotupata 2024? Ulinunua tokeni, ile namba ya stima ya kulipia kabla unayoibonyeza kwenye mita, na badala ya tarakimu 20 ukaletewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini ishirini. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuisasisha mita, la tatu ndiyo stima yenyewe. Sababu yake ilikuwa saa. Mita za tokeni za aina yetu duniani kote zilikuwa zikihesabu dakika kuanzia 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haingesasishwa ingekataa tokeni mpya. Sasa fikiria kazi iliyofanyika. Mamilioni ya watu, mmoja mmoja, wamesimama mbele ya kijidude chenye vitufe, tochi ya simu mkononi, wakibonyeza tarakimu sitini na kuanza upya wakikosea moja. Kama mita hizo zingekuwa zinasikia, ujumbe mmoja kutoka Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power, ungemaliza kazi usiku mmoja tukiwa tumelala.

Hazisikii, na hazisemi. Mita ya tokeni inajua imebakiza yuniti ngapi, basi. Haijui kama ni saa mbili usiku au saa tisa alfajiri kwa maana ya bei, na haimwambii mtu yeyote kwamba mtaa wako umekuwa gizani tangu jana. Wateja wakubwa wa viwandani wana mita zinazosomwa kwa mbali. Sisi wa ploti tuna vitufe.

Na ni kwenye ploti, majengo ya kupangisha, ndiko mzigo wa jioni ulipo. Nitatoa mfano wa kwetu, ambao ni mfano wa nusu ya mitaa ya Nairobi kama Umoja, Roysambu na Pipeline. Maji yanaingia kwenye tangi la chini, kisha pampu inayasukuma hadi tangi la juu ya paa, ghorofa sita. Keateka, mtunza jengo, huwasha pampu wapangaji wakianza kulalamika. Wapangaji huanza kulalamika wakifika nyumbani na kukuta mfereji umekauka, yaani saa moja na nusu jioni, kilele chenyewe cha kilele. Pampu inanguruma hadi saa tatu, wakati tangi la juu lingeweza kujazwa saa tisa usiku na hakuna ambaye angejua tofauti. Taima ya kufanya hivyo, kifaa cha kuwasha pampu kwa saa uliyopanga, ni kitu kidogo, unaipata kwenye maduka ya Luthuli, Nairobi.

Nilimuuliza keateka wetu kwa nini hafanyi hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini haogi mara mbili.

"Mkubwa, stima ya saa tisa na ya saa moja si ni bei moja? Halafu hiyo kelele usiku nitamwambia nani?"

Ya kelele tutairudia. Ya bei amesema kweli tupu. Bei ya nyumbani inategemea umetumia yuniti ngapi kwa mwezi, saa haihesabiki. Viwanda vilipewa nafuu ya usiku tangu Desemba 2017. Wenye magari na pikipiki za umeme walipata yao 2023: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida, shilingi 8 usiku, kabla ya tozo na kodi. Kwa hivyo betri ya bodaboda inaweza kujazwa kwa nusu bei huku maji anayooga mwenye bodaboda yakisukumwa kwa bei kamili.

Najua hatari ya hoja hii. Mtu wa ofisini akisikia "bei kwa saa" anaweza kuielewa kama ruhusa ya kupandisha bei ya jioni, na huo utakuwa unyanyasaji. Mama mwenye watoto watatu hawezi kupika ugali saa saba usiku ili kuiokoa gridi. Anayetumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi aachwe kabisa na bei yake ya chini. Hana cha kuhamisha. Ninachotaka ni usiku ushuke, jioni ibaki ilivyo. Na iwe kwa mita ambazo mwenye jengo hawezi kuzichezea, kwa sababu landilodi anayewauzia wapangaji stima kwa mita zake ndogo atakula nafuu hiyo peke yake.

Kuna na wale wa sola. Kanuni za kuuzia gridi ziada ya sola zilitoka 2024, na malalamiko yakaanza siku hiyo hiyo: ukiipa gridi yuniti kumi, unarudishiwa tano, tena kama yuniti, si kama pesa. Wengi wanauona ni wizi. Mimi naona nusu si mbaya. Yuniti ya saa saba mchana, kila paa la mitaa ya matajiri ya Karen na Runda likizalisha, haina thamani ya yuniti ya saa mbili usiku, na nyaya zinazoipokea zina gharama ambayo anayebaki kuilipa ni yule asiye na paa. Ingekuwa haki zaidi mwenye sola na betri alipwe vizuri akiitoa stima yake jioni. Ila hapo tunarudi kule kule: mita iliyopo haiwezi kusema ilitoka saa ngapi.

Pesa za mita mpya zitoke wapi? Tuanze na zinazovuja. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, takriban asilimia 23 ya stima iliyonunuliwa ilipotea kabla ya kulipiwa, nyingine kwenye nyaya kuukuu, nyingine mikononi mwa watu. Mita kwenye kila transfoma, ikilinganishwa na mita za nyumba zinazolishwa nayo, itaonyesha inapotelea mtaa gani.

Bei za stima zilizoanza Aprili 2023 zilipangiwa miaka mitatu, na kila zinapotazamwa upya EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi, huita umma utoe maoni. Ombi langu halihitaji dakika tano: bei ya usiku, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa pampu za maji za ploti zilizo na mita ya peke yake, kwa hiari, zikianzia Embakasi na Kasarani. Na kuhusu kelele, pampu inawekewa raba chini. Fundi yeyote wa Grogan, kule Nairobi, atakukatia kipande cha tairi kuukuu ukisubiri.