Fundi yuko njiani

Jamani, mimi nilitaka maisha ya taratibu tu. Kibanda cha udongo Kimbiji, mihogo nyuma, kuku wawili watatu, usingizi usio na honi za bodaboda. Nikasema nikarabati paa mapema, masika ya mwezi wa tatu yanikute nimetulia.

Leo ni wiki ya tano. Fundi yuko njiani.

Jumamosi saa 12 asubuhi nilishapanda pantoni Magogoni. Nafika ng'ambo, napiga simu. "Bosi, nimekaribia." Nyuma yake jogoo anawika na mtoto analilia uji! Njia gani hiyo yenye uji? Saa 4 kaomba elfu tano ya nauli, nikatuma. Saa 8 simu haipatikani.

Makuti yamelundikana chini ya mwembe, mchwa washaanza kuyala. Nguzo nimezipaka oili chafu mwenyewe, shati la kazini limekwisha (hilo kosa langu).

Na siku moja aliyokuja, alipaua paa limelala kama meza. La makuti! Makuti yanataka mwinuko mkali maji yateremke haraka. Ukililaza, maji yanatuama, kuti linaoza, unaoga ukiwa kitandani. Hata mtoto wa Kimbiji anajua. Nikamwambia abomoe, na hapo ndipo safari yake ya "njiani" ilipoanza.

Jana usiku ujumbe ukaingia: "Shikamoo bosi. Kesho alfajiri bila kukosa. Ila nauli tu."